Kwenda Juba: ndege, basi la Nimule au njia ya Nadapal?

Aliyepata kazi Juba, anayekwenda kumwona ndugu, anayetaka kupima soko la bidhaa zake, wote huanza na swali lilelile: nifike vipi? Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, baada ya kura ya maoni ya Januari mwaka huo ambapo karibu asilimia 99 ya wapiga kura waliamua kujitenga na Khartoum. Ndiyo nchi changa kuliko zote barani Afrika, na tangu 2016 imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mtu wa Nairobi au Kampala basi, Juba ni kwa jirani. Lakini ni jirani aliyepitia vita vya Desemba 2013, vikarudi Julai 2016, akasaini mkataba wa amani Septemba 2018, na hadi leo amani hiyo haijatulia. Machi 2025 mapigano yalizuka katika mji wa Nasir na Riek Machar, makamu wa kwanza wa rais wakati huo, akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Uchaguzi uliokuwa ukingojewa ulikwisha kusogezwa, Septemba 2024, hadi Desemba 2026.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, soma tahadhari ya wizara ya mambo ya nje ya nchi yako wiki ileile ya safari, kisha umpigie simu mtu aliye Juba siku hiyo. Wote wawili wakikuambia subiri, subiri. Yanayofuata hapa ni ya mtu aliyekwisha kuamua kwenda na ambaye kipindi kinamruhusu.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni ndege, kutoka Nairobi au Entebbe. Wanaotoka Dar es Salaam, Kigali au Bujumbura kwa kawaida huunganisha katika viwanja hivyo, au hupitia Addis Ababa.

Ya pili ni basi kutoka Kampala: Karuma, Gulu, Atiak, mpaka wa Elegu upande wa Uganda na Nimule upande wa pili, halafu kilomita 192 za lami hadi Juba. Wanaotoka Nairobi kwa barabara nao mara nyingi huishia hapa hapa. Malori ya Mombasa hukatiza Malaba, Tororo, Mbale, Soroti na Lira, yakakutana na barabara ya Gulu mbele ya daraja la Karuma bila kugusa Kampala.

Ya tatu ni kutoka Kenya moja kwa moja: Kitale, Lodwar, Kakuma, Lokichoggio, Nadapal, kisha Narus, Kapoeta na Torit ndipo uingie Juba kutoka mashariki.

Ipo pia ya Arua kupitia Oraba, Kaya na Yei. Siiweki kwenye ulinganisho. Eneo la Yei limesumbuliwa na makundi yenye silaha kwa miaka, barabara ni mbovu, na mgeni hana sababu ya kuipita ilhali Nimule ipo. Ya kaskazini kutoka Khartoum ilifungwa na vita vilivyoanza Sudan Aprili 2023.

Vigezo

Nazipima njia hizi tatu kwa muda, gharama yote ya safari (siyo nauli peke yake), usalama, karatasi na mzigo. Kigezo cha sita ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote na ambacho wasafiri wengi hawakiulizi: ukikwama, utakwama wapi? Katika nchi ambayo mvua, ukosefu wa mafuta au kizuizi kimoja kinaweza kuvuruga ratiba nzima, ubora wa njia unaonekana siku mambo yameharibika.

Muda

Kutoka Entebbe ni kama saa moja angani, kutoka Nairobi ni chini ya saa mbili. Kumbuka kwamba tangu 1 Februari 2021 Juba iko saa moja nyuma ya Nairobi na Kampala, na wapo wanaofika kikao saa nzima kabla ya wakati, au kumngojea bure anayewapokea, kwa sababu ya saa hiyo moja. Uwanja wa Juba uko mjini kabisa. Jengo la kudumu la abiria lilifunguliwa 2018, na waliopita enzi za mahema wanajua tofauti yake. Hata hivyo foleni ya uhamiaji na kungoja mizigo huchukua muda wake.

Basi la Kampala huchukua usiku mzima na sehemu kubwa ya siku ya pili. Mengi huondoka jioni kutoka maeneo ya Arua Park, humo humo Kampala, ili yawe Elegu alfajiri mpaka unapofunguka. Mpango huo una maana: kipande cha Nimule hadi Juba kipitwe mchana. Ukiona basi ambalo kwa ratiba yake litaingia kipande hicho jua likizama, chagua jingine.

Nadapal haina ratiba ya kuaminika. Kiangazi, mwenye gari imara hulala njiani usiku mmoja au miwili. Masika, usimwahidi mtu siku ya kufika.

Gharama

Tiketi ya ndege ni mara kadhaa ya nauli ya basi, na hapo ndipo wengi huacha kuhesabu. Endelea kuhesabu. Malazi ya Juba ni ghali ukilinganisha na Kampala au Nairobi, na hoteli nyingi hutaja bei kwa dola. Mtu anayekwenda kwa siku tatu za kazi akapanda basi kwenda na kurudi, anapoteza siku mbili nzima na anafika amechoka hata kikao cha kwanza hakifai. Kwake ndege huenda ikawa rahisi kuliko inavyoonekana. Anayekwenda kukaa miezi sita hana haja ya hesabu hiyo, na kile anachookoa kwenye nauli kinamlipia chumba siku za mwanzo.

Basi nalo lina gharama za pembeni: chakula cha njiani, wapagazi wa mpakani, na vijana wanaojitolea kukujazia fomu ambazo unaweza kujaza mwenyewe. Ukitozwa ada na ofisa, omba risiti kwa upole. Mara nyingine ombi hilo peke yake hupunguza ada.

Njia ya Nadapal kwa abiria wa kawaida ni kuunganisha matatu, malori na magari ya kukodi, kwa hiyo bei ni ya maelewano kila kipande. Kwa mwenye gari lake, hesabu ni mafuta ya akiba, tairi mbili za ziada, na mara nyingi malipo ya kusafiri na msafara au askari wa kusindikiza.

Usalama

Hapa ni lazima kusema wazi. Ndege inakuvusha juu ya kila kinachoogopwa barabarani. Hatari yake inaanza ukishatua, na hiyo ni sawa kwa wote: usitembee Juba usiku, usipande boda ya mtu usiyemjua gizani, uwe na mwenyeji anayejua mtaa gani una utulivu wiki hii.

Barabara ya Nimule ndiyo mshipa wa nchi. Ilikamilika 2012 kwa fedha za Marekani ikiwa barabara kuu ya kwanza ya lami katika nchi hiyo, na chakula, saruji na sabuni nyingi za Juba hupita humo. Kila siku mabasi huipita salama. Lakini imewahi kushambuliwa mara nyingi, hasa baada ya Julai 2016, na Agosti 2021 watawa wawili waliuawa humo wakirudi Juba kutoka sherehe za parokia. Mapema mwaka huohuo madereva wa malori wa Kenya na Uganda walisimamisha magari mpakani wakidai ulinzi baada ya wenzao kuuawa. Ndiyo maana ushauri bora kuhusu hali ya barabara hii hauko kwenye gazeti, uko kwa madereva wa malori pale Elegu. Wanalala hapo, wanapigiana simu na walio mbele, na wakisema leo hawaendi, abiria naye asiende.

Jambo jingine la usalama linasahaulika kwa kuwa ni la kawaida mno: Sudan Kusini magari hupita kulia. Ukivuka kutoka Elegu, ambako kila kitu kiko kushoto, gari hubadili upande pale mpakani. Mlango wa abiria wa mabasi mengi ya Uganda sasa unafungukia katikati ya barabara. Likisimama Nimule au njiani watu wachimbe dawa, utaona abiria mzoefu anashika mlango, anachungulia mbele na nyuma, ndipo anashusha mguu. Fanya kama yeye. Na Juba kwenyewe, ukivuka barabara tazama kwanza kushoto, kinyume cha mazoea yako.

Nadapal ina matatizo pande zote mbili za mpaka. Upande wa Kenya, kipande cha Kapenguria kwenda Lokichar, hasa karibu na Kainuk, kina historia ndefu ya ujambazi wa kutumia bunduki. Mpakani kuna mvutano wa ardhi na malisho baina ya Waturkana na Watoposa ambao umewahi kufunga njia. Mbele yake, Kapoeta hadi Torit, wizi wa mifugo huweza kugeuka mashambulizi ya barabarani. Wenyeji na watu wa mashirika huipita, ndiyo, lakini hupita kwa taarifa mpya, kwa mchana, na kwa kuongozana. Anayekwenda mara ya kwanza peke yake hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Karatasi

Kwa njia zote unahitaji pasipoti. Kitambulisho cha taifa, kinachowavusha Wakenya, Waganda na Wanyarwanda baina ya nchi zao, usikitegemee hapa. Raia wa Kenya na Uganda huingia bila viza. Wa nchi nyingine wathibitishe ubalozini au waombe viza ya mtandaoni mapema, wachapishe kibali na kukibeba, kwa kuwa intaneti ya mpakani haitakusaidia. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa uwanjani na mpakani, na Uganda nayo inaweza kuidai ukirudi. Wageni pia hutakiwa kujiandikisha uhamiaji baada ya kufika, kwa hiyo mwulize mwenyeji au mwajiri nani atashughulikia, na ndani ya siku ngapi.

Tofauti ya njia ni hii. Uwanjani unakaguliwa mara moja na umemaliza. Nimule ni kituo cha pamoja na Elegu, kwa hiyo utaratibu wake si mgumu, ila baada yake kuna vizuizi barabarani ambako pasipoti hutazamwa tena. Iweke mahali pa kuifikia, usiitupe ndani ya sanduku juu ya basi. Nadapal ndiyo yenye vizuizi vingi kwa mgeni, na ofisi za upande wa Kenya na za upande wa pili hazikai mlango kwa mlango. Hakikisha Lokichoggio umegongewa muhuri wa kutoka Kenya kabla ya kusonga.

Mzigo

Ndege inakuwekea kikomo cha kilo na kila kilo ya ziada inauma. Basi linabeba karibu chochote: marobota ya mitumba, magodoro, cherehani, matunda ya Gulu. Ukiwa na bidhaa za biashara, hata kidogo, andaa orodha na risiti za ununuzi kwa ajili ya forodha, maana bila hizo bei ya mzigo wako itakadiriwa kwa macho. Nadapal inamfaa mwenye lori au mwenye mzigo unaoshukia Kapoeta au Torit. Kwa mzigo wa Juba ni kuzunguka bila faida.

Ukikwama

Safari ya ndege ikiahirishwa, unakwama Nairobi au Entebbe, kwenye hoteli, simu na chakula, au unakwama Juba kwa gharama kubwa lakini katikati ya watu. Hiyo ndiyo faida kubwa ya ndege, kuliko hata muda.

Basi likikwama kabla ya mpaka, uko pazuri. Gulu ni mji kamili, una hospitali, mabenki na vyumba vya bei nafuu. Elegu si pabaya, ingawa mto Unyama hufurika wakati wa mvua na maji kuingia mpaka madukani. Nimule nayo ina nyumba za kulala wageni, shilingi ya Uganda inapokelewa, na Kiswahili hakikosi msikilizaji. Kugumu ni katikati ya Nimule na Juba. Basi likiharibika hapo, makanika anatoka mbali na kivuli ni kile cha basi lenyewe. Kwa hiyo beba maji zaidi ya unavyodhani, chakula kikavu, na betri ya akiba ya simu.

Kwenye njia ya Nadapal, Lodwar na Kakuma ni pa kukwama bila hofu. Lokichoggio ilikuwa kituo kikubwa cha misaada tangu 1989, na bado pana pa kulala. Ukishapita Narus, ni udongo mweusi bila lami. Mvua za Aprili hadi Novemba zikinyesha, udongo huo hushika gurudumu mpaka kwenye ekseli, na lori moja likizama katikati, yote yaliyo nyuma yake hulala hapo. Usiku mmoja wa namna hiyo unavumilika kwa watu watano wenye maji, sufuria na mtu anayezungumza Kitoposa. Kwa msafiri mmoja mwenye begi la mgongoni, hapana.

Mambo yasiyotegemea njia

Beba dola, na ziwe noti mpya na safi. Mbadilishaji wa Juba ataiinua noti yako kwenye mwanga, ataipitisha kidole kwenye mikunjo, atasoma mwaka wa toleo, na akiona imechanika hata kidogo pembeni, au ni ya toleo la zamani, atairudisha au atakukatia bei. Noti ya mia hupata kiwango kizuri kuliko za kumi kumi. Usitegemee kadi ya benki. Pauni ya Sudan Kusini hushuka thamani haraka, kwa hiyo badilisha kidogo kidogo.

Usipige picha daraja, uwanja wa ndege, ofisi ya serikali wala mtu mwenye sare, hata kama nyuma yake pana mandhari nzuri ya Mto Nile. Hili si la kubishana nalo. Wanaofika kwa basi huvutiwa na Daraja la Uhuru lililofunguliwa Mei 2022, na mkono huenda kwenye simu. Uache mfukoni. Nguo za rangi ya kijeshi ziache nyumbani.

Malaria ni kali na ya mwaka mzima. Anza dawa za kinga kabla ya kuondoka na ubebe chandarua. Kunywa maji ya chupa au yaliyochemshwa, kwani kipindupindu kimekuwa kikirudi.

Lugha haitakusumbua sana. Kiarabu cha Juba ndicho cha sokoni, Kiingereza ndicho cha ofisini, na Kiswahili utakikuta soko la Konyokonyo, kwa madereva na mafundi, na hasa kwa waliokulia Kakuma au kusoma Nairobi na Kampala. Ukiwasalimia kwa Kiswahili huwa wanakupokea kama mtu wa nyumbani. Usichukulie hilo kirahisi: wengi wao walijifunza lugha hii ukimbizini, na ukarimu wanaokulipa ni wa miaka waliyokuwa wageni kwetu. Jibu kwa heshima ileile, na mtu mzima umwamkie kwanza kabla ya kuuliza bei.

Nani apite wapi

Ukiwa na safari ya kikazi ya siku chache, panda ndege. Ukisafiri na watoto, mgonjwa au mzee, panda ndege hata kama itabidi kusubiri mwezi mwingine hela itimie. Anayekwenda Juba mara ya kwanza kabisa, na anaweza kumudu, naye aende kwa ndege akirudi kwa basi akipenda. Wakati huo atakuwa ameshajua watu wa kumpa habari za barabara.

Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo, fundi mwenye vifaa vyake, au anayehamia kwa miezi mingi: Nimule, kwa basi lenye jina zuri kwa abiria wa kila wiki, mchana, na siku ambayo malori yanatembea. Ukiwa na uwezo wa kulala Gulu usiku mmoja ili uvuke ukiwa umepumzika, lala.

Nadapal ni ya mwenye shughuli Kapoeta au Torit, aliyealikwa na watu wa huko, Desemba hadi Machi, kwa magari mawili au zaidi. Kwake ni njia sahihi kuliko kuzunguka Juba kwanza. Asiye na shughuli huko hata nafuu ya nauli isimvute.

Na kama kazi yako haiko Juba bali Malakal au Bentiu, jua kwamba kufika Juba ni nusu ya safari. Miezi ya mvua barabara nyingi za kwenda huko hazipitiki, watu huenda kwa ndege ndogo au kwa boti za mtoni. Ndege za UNHAS, huduma ya anga ya Umoja wa Mataifa, hubeba wafanyakazi wa mashirika ya misaada waliosajiliwa, hazimchukui msafiri wa kawaida, kwa hiyo mwulize mwajiri kabla ya kusaini mkataba kama jina lako litaingia kwenye orodha hiyo na nani atalipia.